Joto la tenki la chura, usibahatishe

Chura unayemfuga kwenye tenki la kioo hatengenezi joto lake, mwili wake unafuata joto la pale alipokaa, yani tenki likipoa naye anapoa, likichemka naye anachemka humo humo na hana pa kukimbilia. Sasa wengi wanaogopa baridi tu, wanawasha hita usiku na mchana, kumbe joto likizidi ndo linaua haraka zaidi.

Kwanza ujue una chura gani maana hawafanani. Wale wanene wa kijani wa mitini kutoka Australia wanataka kama digrii 24 hadi 29 mchana, usiku ikishuka mpaka 20 au 22 sio mbaya. Pacman, yule wa mviringo mwenye mdomo mkubwa, mweke kwenye 24 hadi 28. Xenopus, hawa wanaoishi majini muda wote, maji ya 18 hadi 22 yanawatosha, hita ya nini kama chumba hakina baridi kali?

Afu kipimajoto. Mimi nilianza na kile cha stika, nikabandika juu karibu na mfuniko, kinasoma 25 nami nimeridhika kabisa, huku chura kajibana kwenye kona, nusu ya mwili iko kwenye bakuli la maji, siku ya tatu hagusi chakula. Nikatafuta cha dijitali chenye waya, ile ncha nikailaza palepale anapolala: 33! Stika ilikuwa inapima kioo, mwenyewe anaungulia chini. Siku hizi naweka viwili, kimoja upande wa joto kingine upande wa ubaridi.

Pedi ya joto usiiweke chini ya tenki, hasa kwa chura anayejifukia, maana akihisi joto anachimba kutafuta ubaridi, sasa hapo si ndo anazidi kuufuata moto? Bandika ubavuni, upande mmoja tu, ule mwingine ubaki wa ubaridi ili achague mwenyewe. Na ipitie kwenye themostati (kifaa kinachoizima na kuiwasha chenyewe kulingana na joto), hilo halina mjadala. Yale mawe ya umeme ya kupasha joto achana nayo, ngozi ya chura ni laini sana inaungua upesi. Taa ya joto inafaa ila inakausha hewa, na chura anapumua kwa ngozi pia, kwa hiyo utanyunyiza maji mara nyingi zaidi (yasiwe na klorini).

Siku za joto kali toa tenki dirishani, jua likipiga kile kioo ni oveni kabisa. Zima taa, gandisha chupa ya maji, izungushie kitambaa uiegemeze nje ya kioo, feni ipulizie juu ya wavu wa mfuniko isimpige yeye. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu hata ukimuona amelegea, mshushe taratibu.

Baridi ikimkuta kabla hujamrekebishia joto usimlishe, tumbo lake likipoa halisagi na chakula kinaweza kuozea ndani. Funika pande tatu za tenki kwa blanketi, uache pa kupitisha hewa, subiri achangamke.

Kama chura hujamleta bado ndo vizuri zaidi, washa kila kitu na tenki tupu, soma vipimo alfajiri na saa nane mchana siku tatu mfululizo, vikitulia ndo umwingize.