Somo: Homoni ya damu inavyochochea seli zinazokula mfupa wa panya

Erithropoietini (EPO) hutengenezwa hasa na figo. Oksijeni ikipungua mwilini, homoni hii huuamsha uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu. Humo humo ndimo zinamotoka osteoklasti, seli zinazomwaga asidi na vimeng'enya juu ya mfupa na kuumeng'enya. Je, EPO inazigusa pia? Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Gawa panya wazima makundi mawili, wa umri na jinsia moja. Kundi moja lichomwe EPO, jingine maji ya chumvi. Pima damu, chembe nyekundu zisipopanda, dawa haijafanya kazi, usiendelee.

Hatua ya 2. Piga fupa la paja picha za mikro-CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha undani wa mfupa). Angalia mfupa wa sponji karibu na goti: kwa panya waliopewa EPO, vijiti vyake hupungua.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye uzito. Mfupa kupungua hakuthibitishi kwamba EPO imezigusa osteoklasti moja kwa moja, kwa sababu uboho mzima umebadilika. Basi toa seli za uboho, zikuze kwenye sahani kwa M-CSF (protini ya kuzikuza) mpaka ziwe makrofaji, yaani seli walaji za kinga, kisha ongeza RANKL, protini inayozigeuza kuwa osteoklasti. Nusu ya sahani zitie EPO. Zipake rangi ya TRAP (kimeng'enya kilichojaa ndani ya osteoklasti), uhesabu seli kubwa nyekundu-zambarau zenye viini 3 au zaidi. Zikizidi kwenye sahani zenye EPO, homoni imefanya kazi kwenye seli mama zenyewe, yaani zile zinazogeuka osteoklasti, ambazo zina kipokezi cha EPO (protini inayoinasa homoni hiyo).

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mgonjwa wa figo anayechomwa EPO aache?
Hapana, ndugu yangu! Panya hawa walikuwa na EPO yao ya kutosha, wakaongezewa. Mgonjwa wa figo amepungukiwa nayo, na upungufu wa damu unamuumiza kweli. Hofu yoyote aipeleke kwa daktari wake.

Mbona nimesoma kwamba EPO hujenga mfupa?
Ni kweli, zipo tafiti za panya waliovunjika mfupa ambapo iliusaidia kuunga. Kabla ya kulinganisha tafiti mbili, tazama dozi, muda, umri wa panya na mfupa uliopimwa.

Kwa nini viini 3?
Osteoklasti huzaliwa kwa seli kadhaa kuungana. Yenye kiini kimoja, hata ikishika rangi, huenda bado ni seli mama; ukiihesabu, idadi yako itakudanganya.