Wewe ni Mkristo na unaenda Uarabuni kazi? Soma hii kabla hujapanda ndege

Hii naandikia dada zetu na vijana wanaoenda Saudia, Qatar, Oman na kwingine huko Ghuba, kazi za nyumba, ulinzi, udereva, hoteli. Ajenti atakueleza mshahara na medikali na tiketi, ya dini atakwambia tu vaa vizuri na usiongee sana, basi. Halafu watu wanafika, wengine na hofu kubwa kupita kiasi, wengine na ujasiri ule wa "mimi nimetumwa na Bwana kuokoa hii nyumba", na hawa wa pili ndio huishia seli.

Kwanza elewa hivi, kuwa Mkristo tu si kosa, hata Saudia. Serikali inajua una dini yako na kwenye makaratasi inaonekana. Mambo yanayoleta kesi ni kukusanya watu kuomba mahali hapana ruhusa, kumvuta Mwislamu aje upande wako, na kuonekana wewe ulikuwa Mwislamu ukatoka. Hio ya mwisho ndio nzito kuliko zote, ishike, nitairudia. Sisemi ni haki. Tangazo la haki za binadamu la 1948, kifungu cha 18, linasema mtu ana uhuru wa dini hata wa kuibadilisha, na Saudia ni kati ya nchi chache ambazo siku ya kura hazikupiga ndio. Lakini wewe unaenda kutafuta karo ya watoto, na sheria utakayohukumiwa nayo ni ya kule.

Makaratasi kwanza

Kuna madalali watakwambia andika wewe ni Mwislamu, eti nyumba nzuri zinataka Waislamu, watakupa jina la Fatuma au Amina na buibui ya kupigia picha. Kataa. Kataa hata kama safari itachelewa. Ikama ya Saudia, kile kitambulisho cha ukaazi, inaonyesha kama wewe ni Mwislamu au si Mwislamu, sasa fikiria umeandikwa Mwislamu halafu madam anakukuta na Biblia chini ya mto, hapo si tena Mkristo anayesoma kitabu chake, wewe umekuwa Mwislamu aliyeritadi, yaani aliyetoka kwenye Uislamu, na kuritadi kwa sheria ya pale adhabu yake ni kifo, hata kama miaka hii hatusikii mtu akiuawa kwa hilo. Yaani umejitoa kwenye kosa ambalo halipo ukajiingiza kwenye kosa kubwa kabisa, sababu ya uongo wa ajenti ambaye hata simu hatashika ukiwa na shida. Kwa hivyo angalia viza, angalia mkataba, angalia fomu ya medikali, kila mahali pameandikwa dini pawe sawa.

Na kuna hii ya Makka. Asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia, na barabarani kuna vibao vinavyokupeleka njia nyingine. Familia nyingi zikienda umra, ile hija ndogo, zinataka kadama, yaani mfanyakazi wa nyumba, aende ashike mtoto. Mwambie bosi mapema, siku za kwanza tu, "mimi ni Mkristo, sitaweza kuingia Makka", asije akakuingiza kwa gari bila kufikiria na wewe ukanyamaza juu ya kuogopa.

Nchi hazifanani

Watu husema "Uarabuni" kama ni kijiji kimoja. Saudia hakuna kanisa hata moja, usitafute. Serikali yao husema mtu aombe faraghani kwake. Polisi wa dini, wale mutawa waliokuwa wanatisha watu, waliondolewa nguvu ya kukamata mwaka 2016 na mambo yamelegea kweli, lakini kulegea si ruhusa, sheria haijabadilika vile watu wanadhani wakiona matamasha ya muziki Riyadh.

Qatar kuna eneo la makanisa nje kidogo ya Doha, Mesaimeer, kanisa Katoliki la Bibi Yetu wa Rozari lilifunguliwa pale 2008 na madhehebu mengine yako hapo hapo. Nje hutaona msalaba. Getini kuna ulinzi, beba kitambulisho chako. Ibada yenye watu wengi ni Ijumaa kwa sababu wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, sasa usishinde unalilia Jumapili, Jumapili ni siku ya kazi. Kuwait pia ni hivyo, makanisa yaliyosajiliwa ni machache. Bahrain iko wazi zaidi, kanisa la Moyo Mtakatifu Manama lipo tangu 1939 na kuna kathedro kubwa Awali iliyotabarukiwa 2021.

Emirates ndio watu hushangaa. Dubai kuna St Mary's pale Oud Metha na makanisa mengine Jebel Ali, Abu Dhabi kuna kathedro ya St Joseph, na Papa Francis alisoma misa uwanjani Abu Dhabi mwezi wa pili 2019. Wikendi walihamisha 2022 ikawa Jumamosi na Jumapili. Hivyo ukiwa Dubai una nafasi, ila nafasi ni ya ndani ya geti la kanisa, kugawa vijikaratasi kwa basi ni kesi.

Oman makanisa yako kwenye viwanja vilivyotolewa na serikali, Ruwi na Ghala pale Muscat, pia Sohar na Salalah. Nje ya hapo msikusanyike. Halafu Oman kuna kitu kinachekesha lakini kichukue serious, Waomani wengi wana asili ya Zanzibar na pwani yetu, Kiswahili wanakijua vizuri kuliko wewe wa Kitale. Bibi mzee amekaa pale kimya na tasbihi yake, wewe uko kwa simu unamwambia mchungaji "niombee roho za nyumba hii zivunjwe", anasikia kila neno.

Begi

Biblia moja, yako, iliyotumika. Kumi hapana, hizo zinaonekana ni za kugawa. Qatar sheria yao ya 2004 inasema mtu akikutwa na vitabu au kanda za kueneza dini nyingine anaweza kupata mpaka miaka 2 na faini ya riyali 10,000, na kuhubiri wewe binafsi mpaka miaka 5, ukiwa chini ya shirika mpaka 10. Hapo trakti za "Je, ukifa leo utaenda wapi" acha nyumbani kabisa. Mimi ningesema weka Biblia kwenye simu, programu inayosoma bila bando, na rozari ndogo kama wewe ni Mkatoliki iwe mfukoni.

Sasa hapa nisikilize vizuri maana ajenti hatakwambia na mchungaji wako hajui. Mafuta ya upako, chupa ya maji yaliyoombewa, chumvi, kitambaa chekundu ulichopewa kwenye kesha, karatasi yenye majina ya watu unaowaombea: VYOTE ACHA. Kwetu hivyo ni vitu vya kanisa. Kule madam akifungua begi akaona mafuta hayana lebo na karatasi ina jina lake na la watoto wake, neno litakalomjia ni sihri, uchawi. Na uchawi Saudia ni kesi ya mahakamani, polisi wa dini walikuwa hata na kitengo chake, na Desemba 2011 mwanamke mmoja alikatwa kichwa mkoa wa al-Jawf kwa kesi hio ya uchawi. Wafanyakazi wa nyumba kutoka nchi za nje wameshashtakiwa hivyo mara nyingi, mtoto akiugua ghafla au bwana na bibi wakigombana macho yanageukia jikoni. Usiweke nywele zako au za mtu kwenye kikaratasi, usifukize kitu, usimwage maji mlangoni asubuhi ukikemea. Na picha za watoto wa bosi usitume kwa nabii yeyote wa WhatsApp ati awaombee.

Kuomba ndani ya nyumba

Omba kimya. Najua sisi wengine tumezoea kunena kwa lugha saa tisa usiku mpaka majirani waamke, lakini mtu asiyejua akisikia sauti zile gizani atafikiria nini? Rudi hapo juu kwa uchawi. Earphone, nyimbo chini, mlango umefungwa kama una chumba chako. Ukilala na kadama mwenzako, Mwislamu wa Indonesia au hata wa kwetu Mombasa, muulize kama simu inamsumbua. Heshima hio humaliza maneno mengi, na wengi wao ndio watakusaidia siku ngumu.

Watoto wa bosi usiwafundishe nyimbo za Sunday school. Najua unambembeleza mtoto na wimbo unakuja wenyewe, umezoea. Imba kitu kingine. Siku mtoto wa miaka minne ataimba jina la Yesu mezani mbele ya babu yake wewe utakuwa umeshakuwa mhubiri bila kujua.

Wataulizwa wengi "kwa nini husilimu?" Mara nyingi ni kwa upendo, mama mzee anakuona mwema anatamani mwende peponi wote. Usibishane mambo ya Utatu, hutashinda na hata ukishinda umepoteza. Wa pwani wanajua jibu, liko kwenye Kurani yenyewe, sura ya 109, "lakum dinukum waliya din", nyinyi mna dini yenu nami nina yangu. Sema hivyo ukitabasamu, wengi wanacheka na inaisha. Lakini mtu akikwambia "rudia tu maneno haya nyuma yangu" kwa Kiarabu, USIRUDIE kama hujui ni nini. Ikiwa ni shahada, yale maneno ya kuingia Uislamu, na kuna watu wamesikia, umesilimu, na kusema kesho ulikuwa unatania inakurudisha kule kwenye kuritadi. Anayetaka kusilimu kwa moyo wake hio ni haki yake, naongea na yule anayerudia ili aongezwe mshahara au aachwe apumzike.

Ramadhani kutofunga si kosa kwako, kula na kunywa mbele za watu ndio kosa. Kuwait ni faini mpaka dinari 100 au jela mpaka mwezi mmoja. Kula jikoni, na usikubali kunyimwa chakula mchana ati nyumba nzima imefunga.

Siku ya kupumzika

Hapa watu huchanganya. Kunyimwa ofu ya kwenda kanisani wengi huita mateso ya Wakristo, lakini kadama Mwislamu naye ananyimwa ofu hio hio na pasipoti yake imefungiwa kabati moja na yako. Hio ni kafala, ule mfumo wa mfanyakazi kuwa chini ya bosi anayemdhamini. Sheria za Qatar (2017), Kuwait (2015), Saudia na Emirates zote zinampa mfanyakazi wa nyumba siku moja kwa wiki, sasa ukiomba, usiombe kama "nataka kanisa", omba kama siku yako ya mkataba, na uiombe kabla hujasaini, iandikwe ni siku gani. Bosi akisema utaenda na dereva akusubiri getini, kubali tu.

Vikundi vya siri

Saudia utaalikwa. Chumba cha mtu, Waethiopia, Wafilipino, Wakenya, mnaimba chini chini. Siwezi kukwambia usiende, ni kati yako na Mungu wako, ila ujue Desemba 2011 Jeddah Waethiopia 35, wengi wao wanawake, walikamatwa kwenye maombi ya nyumbani wakakaa ndani miezi na mwishoni wakafukuzwa nchini. Kesi mara nyingi hupitia hapo kwa kosa la wanaume na wanawake kukaa pamoja. Mkiwa wanawake tupu, wachache, bila spika na bila viatu thelathini mlangoni, hatari inapungua, haiishi. Asiyejulikana na mtu yeyote pale msimwingize.

Na wa nyumbani tafadhali. Mchungaji, usiweke picha ya dada Facebook ati "mtumishi wetu anawasha moto Riyadh". Mmemuanika. Hata laivu ya ibada msimtaje jina na mji.

Ukikamatwa

Namba ya ubalozi wa nchi yako iandike kwenye karatasi, simu itachukuliwa. Una haki ya kuomba ubalozi ujulishwe, ni mkataba wa Vienna wa 1963 na nchi hizi zimeusaini. Usisaini karatasi ya Kiarabu usiyoielewa, sema "mutarjim", yaani mkalimani. Ukiulizwa dini sema Mkristo, ukiulizwa nani alikuja kwenye maombi sema ya kwako tu. Na mtu mmoja nyumbani, dada au mume, awe na kopi ya pasipoti, mkataba, jina la kafili (bosi anayekudhamini) na la maktabu (ofisi ya ajenti) iliyokupeleka, awe na hizo tangu siku unayoondoka, kwa sababu ubalozi ukipigiwa simu swali la kwanza ni jina la kafili na familia nyingi hapo ndio hukwama.