Mteja amekalia pesa yako? Tafuta anayelipa, wachana na aliyekupa kazi

Mwaka wangu wa kwanza wa kudizaini nilikuwa namtumia jamaa aliyenipa kazi meseji kila Ijumaa, "boss, ile kitu yetu imefika wapi", naye ananijibu "iko kwa fainansi", kumbe invoisi yenyewe hajawahi kuipeleka, iko tu kwa imeili yake imelala. Miezi 3 nazungushwa hivyo na landlodi naye ananipigia kila siku.

Kwa hivyo kwanza ulizia jina na namba ya akauntanti. Mpigie asubuhi, muulize vitu viwili tu, invoisi yangu mnayo, na inakosa nini. Mara nyingi utasikia haina namba ya LPO (ile oda rasmi kampuni inatoa ikinunua kazi) ama haikutoka kwa eTIMS, mfumo wa invoisi wa KRA, watu wa kodi wa Kenya, na hiyo ya eTIMS si visingizio, tangu 2024 bila hiyo invoisi kampuni inashindwa kuhesabu pesa yako kama gharama kwa kodi, so wanaiweka kando. Rekebisha utume siku hiyo hiyo. Na pesa ikiingia imepungua asilimia 5 usipige kelele, ni withholding, kodi ambayo mteja anakukata na kupeleka KRA kwa jina lako, angalia iTax yako, ile akaunti yako ya kodi mtandaoni.

Meseji yako iwe na namba ya invoisi, kiasi, tarehe ilipaswa kulipwa na pa kulipia. "Samahani kwa usumbufu" toa kabisa, nani anamsumbua mwenzake hapa? Kama bado hujawapa faili za mwisho, kaa nazo. Kuwaanika mtandaoni mimi sishauri, unapoteza hata wateja wengine wanaokuchungulia.

Wakinyamaza, andika barua ya kudai, wape siku 14, na useme wazi baada ya hapo unaenda Mahakama ya Madai Madogo, kwa Nairobi iko Milimani. Inachukua madai hadi shilingi milioni 1, wakili si lazima, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Beba LPO ama mkataba, imeili, na zile chati za WhatsApp mahali walisema "kazi imekuwa poa sana", hizo usiwahi kufuta.

Mimi sijafika huko. Barua yangu ilijibiwa siku ya pili, wakaomba kulipa mara mbili, nikawaambia sawa, nusu ya kwanza ni leo kabla ya saa kumi.