Mchezo wa makopo City Park

Ukiwa ofu, beba daftari dogo, pedi ya wino na mhuri uliochonga mwenyewe kwenye kifutio (wembe mpya tafadhali, ule butu huteleza hadi kidoleni). Mchezo huu wa kutafuta makopo (kwa Kiingereza letterboxing) ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854: unafuata vidokezo hadi kopo lililofichwa, unapiga mhuri wako kwenye daftari lililomo, na mhuri wa kopo kwenye lako.

Ukitunga vidokezo vya kopo lako mwenyewe kwa makaburi ya City Park, bustani iliyo Parklands, Nairobi, vianzie kwenye kaburi la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa 1965, kisha viende kwa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyetaka alazwe karibu na rafiki yake huyo. Kutoka hapo hesabu hatua hadi kopo lilipo.

Kopo lenyewe usilifiche kaburini wala karibu na familia inayoomboleza. Liwe la plastiki inayoonyesha ndani, na mwombe ruhusa askari wa bustani kwanza. Kitu kilichofichwa kichakani Nairobi kinaweza kukuletea maswali. Na usiweke peremende ndani. Kima wa pale walinipokonya njugu mkononi mchana kweupe.