Jinsi ya Kuomba Nafasi ya Uzamivu Yenye Mshahara katika Sayansi ya Data Ukiwa Arusha au Moshi

Wengi wanaomaliza uzamili katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru, au katika vyuo vya Moshi, hutafuta mtandaoni neno moja tu: ufadhili. Kwa kufanya hivyo hupitwa na matangazo mengi, kwa sababu Ujerumani, Uholanzi na Uswidi nafasi nyingi za uzamivu katika sayansi ya data na ujifunzaji wa mashine hutangazwa kama ajira, ambapo mwanafunzi husaini mkataba, hulipwa mshahara na hukatwa kodi. Basi anza na kurasa za ajira za vyuo vyenyewe. Marekani ni tofauti: unaomba kwa idara, mara nyingi kufikia Desemba, na ukipokelewa hulipiwa ada na kupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti.

Soma masharti kabla ya kuandika lolote. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayogharimiwa na Umoja wa Ulaya, hupokea watu wa taifa lolote, mradi mwombaji hana uzamivu tayari na hajaishi wala kufanya kazi katika nchi ya mwajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Hapa, asiyewahi kutoka Arusha hana cha kuhofia.

Barua ya maombi ndiyo yenye kazi kubwa. Sentensi kama “nina mapenzi makubwa na akili mnemba” haimwambii msimamizi wa utafiti, anayechagua waombaji, chochote. Linganisha na hii: “Katika tasnifu yangu nilitumia rekodi za mvua za kila siku kutoka miteremko ya Kilimanjaro, siku nyingi hazikuwa na vipimo, hivyo nililinganisha njia tatu za kuziba mapengo, na iliyo rahisi kuliko zote ndiyo iliyofanya vizuri.” Aliyeandika hivi ameonyesha data, tatizo, uamuzi na unyofu, na sasa anaweza kueleza jinsi kazi hiyo inavyogusa mradi uliotangazwa. Ambatisha kiungo cha programu uliyoiandika, ila kwanza mwombe rafiki aiendeshe kwenye kompyuta yake. Ikigoma kwake, itagoma pia kwa msimamizi. Data za wagonjwa usiziweke hadharani kamwe, hata majina yakiwa yamefutwa.

Walimu watakaokuandikia barua za mapendekezo wape mwezi mzima, pamoja na tangazo na rasimu ya barua yako.

Ukiitwa kwenye usaili, hesabu saa kwa makini. Saa 4 asubuhi ya Berlin (wao huiandika 10:00) mwezi Januari ni saa 6 mchana kwetu, lakini mwezi Juni ni saa 5 asubuhi, kwa kuwa wao husogeza saa zao nasi hatusogezi. Mimi niliwahi kukaa mbele ya skrini saa nzima nikisubiri watu ambao hawakuwa wamechelewa.