Mwaka mzima ughaibuni peke yako: upweke na namna ya kuukabili

Mtu aliyekulia Dar es Salaam huwa hajui kwamba kampani ni kitu cha kutafuta. Nyumba ya kupanga ya Tandika au Sinza ina uwanja mmoja, bomba moja na wapangaji sita; kabla hujapiga mswaki umeshatoa shikamoo mbili na kuulizwa mbona jana ulichelewa kurudi. Muuza vitumbua anajua unachukua vingapi. Kwenye daladala ya Mbagala unashuka Kariakoo ukiwa umesikia kesi nzima ya ndoa ya abiria usiyemjua. Yote hayo hukuyapanga.

Ndiyo maana anayekwenda nje kwa mwaka mmoja, iwe ni kwa shahada ya uzamili, mkataba wa kazi, kujitolea au kuzunguka tu, hushtuka. Anafika mji ambao jirani anapita kwenye ngazi na hedifoni masikioni, na hakuna anayepiga hodi kwa mtu bila miadi. Watu wa huko si wabaya. Kampani kwao ina tarehe na saa, na asiyepanga hukosa. Wenyewe wanaumia pia: Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata 2021.

Jua kwanza ni upweke gani

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Weiss, aliugawa upweke mara mbili. Upo wa kukosa mtu mliyeshibana naye, na upo wa kukosa kundi: watu wa kijiweni, wa kwaya, wa mpira wa Jumapili. Dawa ya mmoja haitibu mwingine. Unaweza kuongea na mama kila usiku na bado Jumamosi mchana ukajihisi umetupwa. Kwa hiyo kabla hujashika simu, jiulize unakosa nini. Kama una jambo la moyoni, piga nyumbani. Kama unataka watu wa kucheka nao, vaa viatu utoke, maana simu ya Dar saa hiyo itakuongezea kiu.

Kabla ya kupanda ndege

Laini yako ya Tanzania isife. WhatsApp, ujumbe wa benki na akaunti ya pesa za simu vyote vimefungwa kwenye namba hiyo, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni. Nenda dukani kwao, uliza inaruhusiwa kukaa muda gani bila matumizi, washa huduma ya kuitumia nje ya nchi, kisha mwachie ndugu mmoja kazi ya kukuwekea vocha mara kwa mara. Simu ya laini mbili itakusaidia sana.

Jambo la pili ni bando la mzazi. Mawasiliano mengi hufa kwa sababu upande wa nyumbani bando limeisha na mama anaona aibu kusema. Tenga kiasi cha kila mwezi na mkabidhi mdogo wako amnunulie. Mfundishe mama kupokea simu ya video na kutuma ujumbe wa sauti ukiwa bado upo. Mpigie ukiwa chumba cha pili mpaka azoee.

Ukienda Uchina, WhatsApp imezuiwa na watu hutumia WeChat. Kufungua akaunti mara nyingi hudai mtu mwenye akaunti akuthibitishe, basi ifungue ukiwa Dar na uwawekee na nyumbani. Kwenye Falme za Kiarabu ujumbe wa WhatsApp hupita lakini simu zake huzuiwa, kwa hiyo waulize waliopo huko wanatumia programu gani inayoruhusiwa.

Simu za nyumbani: chache, za uhakika

Andika tofauti ya saa kwenye karatasi, moja ibaki kwenye jokofu la nyumbani. Istanbul iko sawa na Dar mwaka mzima. Beijing iko mbele kwa saa 5, hivyo saa tatu usiku yako ni saa kumi jioni ya Dar. London iko nyuma kwa saa 3 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, halafu saa 2. Toronto na New York ni saa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto. Ukimaliza kula saa mbili usiku, Dar ni alfajiri na wote wamelala. Huko pigeni wikiendi, asubuhi yako.

Simu mbili ndefu kwa wiki, siku zilezile, zinatosha watu wengi. Katikati tuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili kuhusu vitu vidogo: basi lililochelewa, bei ya nyanya. Kosa kubwa ni simu iliyo wazi kutwa nzima. Mwili unakuwa Manchester, kichwa kiko Magomeni, na wiki inaisha hujaongea na mtu wa mtaani kwako.

Kosa jingine ni kujifanya umeula. Ukituma picha za theluji na maduka tu, nyumbani wataamini, na mizinga itaanza: ada, paa, msiba, mtaji wa bodaboda. Baada ya miezi michache utaiogopa simu yako mwenyewe, na huyo ndiye mtu mpweke kuliko wote. Amua kabla ya kuondoka utatuma kiasi gani kwa mwezi, tuma tarehe moja kupitia mtu mmoja, na mengine yote yaelekeze kwake. Kisha chagua angalau mtu mmoja, dada, rafiki wa sekondari, yeyote, ambaye utamwambia ukweli kwamba wiki hii mambo ni magumu.

Mechi ya Simba na Yanga usiikose. Ikianza saa kumi na moja jioni Dar, wakati wa baridi London ni saa nane mchana. Ifuatilie na kundi la WhatsApp la mtaani, utani wote upate moja kwa moja.

Urafiki huhesabiwa kwa saa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti juu ya watu waliohamia mji mpya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alikuta inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu wa kujuana tu awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi awe rafiki kweli, na zaidi ya 200 awe wa karibu. Saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito wa zile za kupumzika pamoja.

Piga hesabu. Ukikutana na mtu saa 3 kwa wiki, saa 90 zinatimia wiki ya 30. Aliyeanza wiki ya pili bado ana miezi mitano ya kuufaidi urafiki huo. Aliyesubiri hadi mwezi wa sita, kwa kuwa alikuwa "anazoea kwanza", atafikisha saa hizo akiwa ameshafunga sanduku. Hii pia ndiyo sababu sherehe moja ya watu mia haisaidii: unaongea na kila mtu dakika nne na wiki ijayo hakuna anayekukumbuka.

Basi tafuta kundi lenye sifa tatu. Liwe la kila wiki na watu walewale. Liwe na shughuli ya mikono au miguu, ili ukimya usiwe mzigo wakati lugha bado inakusumbua. Na liwe na muda wa kukaa baada ya shughuli, kwa sababu urafiki hujengeka kwenye chai, mazoezi yenyewe ni kisingizio. Kwaya, msikiti wenye darasa la wiki, timu ya mpira ya mtaa, bustani ya jamii, jiko la kugawa chakula, vyote vinafaa. Kwa asiye na pa kuanzia ipo parkrun: mbio za kilomita 5 kila Jumamosi asubuhi, bure, iliyoanzia London mwaka 2004 na sasa ipo nchi nyingi, zikiwemo Ujerumani, Japani, Australia na Afrika Kusini. Unajiandikisha mara moja mtandaoni, na kama hukimbii unajitolea kuelekeza wakimbiaji. Mbio zikiisha usikimbilie nyumbani.

Chagua makundi mawili, si matano. Nenda mara sita kabla ya kuhukumu. Mara tatu za kwanza ni mateso kwa karibu kila mtu, na wengi huacha hapo wakidai watu wa nchi hiyo ni baridi. Mara ya nne mtu atakumbuka jina lako, siku hiyohiyo pendekeza kitu chenye siku na saa: "Alhamisi saa kumi na moja, kahawa pale kona?" Ile "tutatafutana" yetu huko inasikika kama kwaheri.

Watanzania wenzako watafute pia, kupitia ubalozi na jumuiya zao, hasa karibu na 9 Desemba na 26 Aprili. Ila wakiwa ndio watu wako wote, utaishi Dar ndogo yenye umbea wote wa Dar na baridi juu yake.

Kiswahili chako ni mtaji

Wengi hawalifikirii hili. Kiswahili kinafundishwa chuo cha SOAS mjini London, vyuo vikuu vya Leipzig na Bayreuth Ujerumani, Beijing Foreign Studies University Uchina, na vyuo vingi vya Marekani. Wanafunzi hao wana njaa ya mtu wa kuongea naye. Mwandikie mwalimu wa idara: wewe ni nani, uko mjini hadi lini, unaomba mwanafunzi wa kubadilishana naye lugha. Mkutane siku moja ya wiki, saa moja Kiswahili, saa moja lugha yao, na mtumie kengele ya simu kugawa muda. Bila kengele mtateleza kwenye Kiingereza dakika ya kumi. Ongea polepole, punguza maneno ya kijiweni mwanzoni, usimsahihishe kila sentensi. Na jiandae: atakuuliza ngeli ulizoziacha kidato cha nne.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Kama idara au ubalozi una shughuli, jitolee tangu Mei. Maandalizi yana saa nyingi kuliko sherehe.

Sufuria la pilau

Mwezi wa pili, alika watu sita hadi wanane. Bizari beba kutoka Kariakoo au Kisutu: jira, pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini, zimefungwa vizuri. Nyama na maziwa usibebe, Uingereza na Umoja wa Ulaya hawaruhusu yaingie na msafiri kutoka kwetu. Australia utatakiwa kutamka chakula chochote ulicho nacho. Mchele, nazi ya kopo na choroko utapata duka la Wahindi. Unga mweupe wa ugali utaupata duka la Waafrika. Ule wa njano wa Kiitaliano hautakuridhisha.

Kilo 1 ya mchele na kilo 1 ya kuku huwatosha wanane. Toa mwaliko wiki moja kabla, taja saa ya kuanza na ya kumaliza, na uliza nani hali nini. Hatari iko kwenye kukaanga vitunguu hadi viwe kahawia: kengele ya moshi ya bweni italia na jengo zima litatolewa nje. Fungua dirisha, washa feni ya jiko, funga mlango wa korido, punguza moto. Usifunike kifaa cha moshi kwa mfuko. Kwenye mabweni mengi hilo lina adhabu.

Giza

Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. London Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri. Usingizi unavurugika, hamu ya kutoka inakufa, na mtu anadhani ni upweke peke yake. Toka nje kila siku kabla ya saa sita mchana, hata kama ni mawingu. Taa maalumu ya mwanga mkali wa lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), dakika 30 kila asubuhi, husaidia wengi. Serikali ya Uingereza hushauri mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku majira ya baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuitumia mwaka mzima.

Kwa anayehamahama

Ukibadili mji kila siku nne, saa hazitimii popote. Kaa kila mahali angalau wiki nne, lala penye jiko la pamoja, na rudi mkahawa uleule kwenye saa ileile.

Ikizidi

Majonzi ya siku mbili tatu ni kawaida. Ukikosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya chochote kwa wiki mbili mfululizo, muone daktari. Jiandikishe kwake wiki ya kwanza ukiwa mzima, kwa kuwa ukiumwa hutakuwa na nguvu za kujaza fomu. Vyuo vingi vina mshauri nasaha wa bure. Ukipata mawazo ya kujidhuru, piga siku hiyohiyo: 116 123 Uingereza, 988 Marekani na Kanada, 112 nchi za Umoja wa Ulaya.

Miezi miwili ya mwisho

Wengi huanza kujitoa mapema: "naondoka hata hivyo". Wanaacha kwaya, wanaacha Alhamisi, na upweke wa mwezi wa kwanza unarudi wakiwa na tiketi mkononi. Endelea na makundi yako yote mawili hadi wiki ya mwisho. Waage watu siku tatu kabla ya safari, usingoje usiku wa kufunga mizigo, na panga na wawili au watatu kati yao tarehe ya simu ya kwanza utakapokuwa Dar.