Namna ya Kujifunza Kupiga Picha Kutoka kwa Wapiga Picha Unaowahusudu

Anayeanza kupiga picha hushauriwa atazame kazi za mabingwa, naye huitika kwa kupitisha kidole kwenye kioo cha simu hadi usiku wa manane, akalala bila kukumbuka hata picha moja kati ya mamia aliyoyaona. Utazamaji wa namna hiyo humfundisha kukata tamaa tu. Njia yenye faida ni kumchagua mpiga picha mmoja, kukaa na picha zake tano au sita kwa wiki kadhaa, kuzichunguza kama fundi cherehani anavyochunguza gauni analotaka kulishona, kisha kuziiga kwa makusudi mpaka ujue kila kitu ndani yake kilivyopangwa.

Mchague mtu ambaye mazingira yake ya kazi yako ndani ya uwezo wako. Mwenye simu pekee hatafika mbali akianza kwa kumwiga mpiga picha wa wanyamapori ambaye lenzi yake moja ina bei ya gari. Kwa anayependa picha za watu, mimi humpendekeza Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948 na kuifunga mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipochukuliwa kufanya kazi serikalini. Keïta hakusomea fani hii chuoni. Alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa jua, pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake lenye matamvua, na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali alizoea kumpiga mteja picha moja tu. Wateja walifika wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote, na waliopungukiwa aliwaazima saa, kalamu, redio, hata suti. Hakuna katika hayo kisichopatikana katika ua wowote wa Tanga au Kisumu.

Chukua mojawapo ya picha zake zinazojulikana sana, ile ya mwanamke aliyejilaza kwa ubavu juu ya blanketi la miraba, akiwa na gauni la nakshi mbele ya pazia la nakshi nyingine. Kwa kawaida mwalimu angesema kwamba nakshi tatu katika picha moja ni fujo. Itazame kwa dakika kumi bila kuiacha, na uandike unachokiona: mwanga unatoka upande gani, kivuli cha pua kinaangukia wapi, mikono imewekwaje, kamera ilikuwa juu au chini ya macho ya mpigwa picha. Utagundua kwamba uso na mikono ndiyo sehemu pekee zisizo na nakshi, kwa hiyo jicho halina pa kupumzikia isipokuwa hapo. Zile nguo zinazoonekana kugombana zinamsukuma mwenyewe mbele. Ugunduzi wa aina hii, ukiufikia kwa macho yako mwenyewe, hudumu kuliko kanuni kumi ulizosomewa.

Baada ya hapo iga. Tundika kitenge kwenye ukuta ulio kivulini, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, wakati anga lina mwanga wa kutosha lakini jua halimpigi mtu usoni. Mkalishe ndugu au rafiki kwenye kiti, mabega yake yakiwa yamegeuka kidogo upande mmoja na uso ukiielekea sehemu ya anga iliyo wazi, kisha ishushe simu hadi usawa wa kidevu chake. Usimsogelee sana, kwa sababu lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na ukikaribia mno pua hukua na masikio hurudi nyuma; rudi hatua mbili au tatu, halafu vuta picha kidogo. Zima filta zote, weka rangi nyeusi na nyeupe, na ujiruhusu kupiga picha moja tu. Sharti hili la mwisho wengi hulidharau, ingawa ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi: anayejua kwamba hana nafasi ya pili hukagua kola, vidole na pembe za fremu kabla ya kubonyeza.

Weka picha yako kando ya ile ya Keïta na utafute tofauti bila kujihurumia. Ukitumia kanga badala ya kitenge, kwa mfano, utaona kwamba maandishi yake yanalivuta jicho mbali na uso, hasa yakikaa sambamba na sikio, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hawezi kuyaona maneno asiyasome. Unaweza kuikunja kanga ili jina, yaani hayo maandishi, lisionekane, au ukalichagua jina kwa makusudi ili liseme jambo kuhusu mtu aliyekaa mbele yake. Hapo umekwisha kufika mahali ambapo Keïta hakufika, naye ndiye aliyekuongoza.

Anayependa picha za mtaani atahitaji bingwa mwingine, na Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa anafaa, hasa kwa jinsi yeye mwenyewe alivyopata msukumo. Alikuwa amesomea uchoraji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliiona picha ya Martin Munkácsi, Mhungaria, inayowaonyesha wavulana watatu wakikimbilia majini. Vitabu vingi husema ni katika Ziwa Tanganyika, ingawa vingine hutaja Liberia. Picha hiyo ilimwelekeza kwenye kamera, lakini hakwenda kutafuta wavulana na ziwa. Alichochukua ni mpangilio wa miili na ile nukta ya wakati. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, alimpiga picha mwanamume akiruka dimbwi, kisigino kikikaribia kugusa maji na kivuli chake kikimsubiri chini, huku kwenye bango la ukutani mcheza dansi naye akiruka. (Wanaosema kwamba Cartier-Bresson hakukata kingo za picha zake kamwe wajue kwamba hii aliikata, kwa sababu aliipiga kupitia upenyo wa uzio.)

Zoezi lake ni kuchagua jukwaa kwanza: dimbwi baada ya mvua, mlango wenye mwanga, ukuta wenye tangazo. Simama hapo na ungoje mtu apite mahali panapofaa. Omba ruhusa kila unapoweza, kwani wengi kwetu hawapendi kupigwa picha ghafla, na uepuke kabisa kambi za jeshi na vituo vya polisi.

Inapowezekana, tazama picha zilizochapishwa kwenye karatasi. Albamu za nyumbani zina hazina kubwa, na kwa watu wa pwani zipo kazi za studio za zamani kama Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na ile ya N. V. Parekh mjini Mombasa. Na ukionyesha hadharani picha uliyoiga, mtaje uliyemwiga.

Utajua wakati wa kuhama umefika pale utakapoitazama picha ya bingwa wako usiyoijua na kukisia bila shida alisimama wapi. Mfuate basi anayepingana naye. Baada ya Keïta nenda kwa Malick Sidibé, wa Bamako hiyohiyo, aliyeibeba kamera na flashi hadi kwenye dansi za vijana katika miaka ya 1960. Hudhuria sherehe moja ya jamaa zako, omba idhini ya wenyeji, na upige picha ukiwa katikati ya wachezaji badala ya kuegemea ukuta.